Kontroo, Hapa Draya

Mama mkwe wangu, akiulizwa na majirani mkamwana wake anafanya kazi gani, alikuwa akijibu kwamba nafunga swichi za taa. Sikumsahihisha, kwa sababu kila nilipojaribu nilijikuta nimeongea mpaka chai imepoa na yeye anasinzia. Na hakukosea sana. Swichi zangu zina taa, tena nyingi, ila haziangazi chumba cha mtu yeyote. Zinawaka zenyewe, kijani na rangi ya chungwa, ndani ya makabati ya chuma huko viwandani, na kazi yangu ni kuzifunga, kuziunganisha nyaya na kuzitazama usoni nijue zinaumwa wapi.

Nimezaliwa Ipogolo, pale chini Iringa ambapo malori hupumzika kabla ya kuendelea na safari. Nilisomea umeme Mbeya, nikapata kazi kwenye kampuni ndogo ya ufundi, nikapanga chumba mtaa wa Soweto, na hapohapo Soweto nikampata mume, mwalimu wa hesabu, Mnyakyusa mpole ambaye nywele zimeanza kumkimbia. Sisi Wahehe tunasifika kwa hasira za haraka, na mimi sijafanya juhudi yoyote ya kuiharibu sifa hiyo. Yeye hakasiriki ovyo. Tunaishi hivyo na tumezoeana.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza sawasawa kabla ya harusi ni baba mkwe. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Hawaongei, hawaangaliani, hawakai chumba kimoja. Mwanamke akimwona mzee anakuja njiani anaingia migombani mpaka apite. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, hasa za mjini, na wapo wanaokula meza moja na kutaniana. Ya mume wangu ilikuwa haijalegeza hata uzi mmoja. Baba mkwe ni mzee wa kanisa, anavaa koti hata jua likiwa kali, na heshima kwake ni kitu cha kutenda, hakijadiliwi. Siku ya harusi yangu nilimwona mgongo.

Sasa fikiria. Kampuni yetu inapata kazi ya kufunga mtandao wa mitambo kwenye kiwanda cha chai kule vilimani, upande wa kwao mume wangu, na bosi ananipa mimi niisimamie. Nafika siku ya kwanza na kofia yangu ngumu, najiona mtu, naambiwa kwamba kiongozi wa zamu kwenye chumba cha kuongozea mitambo, ambacho wote wanakiita kontroo, ni mzee mmoja mwenye koti. Nikauliza jina. Walipolitaja nilihisi kofia imenizidi uzito.

Ningeweza kurudi mjini siku ileile na kumwachia kazi mwenzangu. Lakini kiwanda kilikuwa kinatafuta fundi wake wa kudumu wa mtandao, na meneja alishanitamkia waziwazi kwamba nikimaliza vizuri nafasi ni yangu. Niliitaka nafasi ile kwa udi na uvumba. Nilikuwa nimechoka kuzunguka na begi la vifaa, leo kiwanda hiki kesho kile, kufunga na kuondoka bila kujua kama nilichofunga kinaendelea kuishi. Nilitaka swichi zangu mwenyewe, nizijue kwa tabia.

Basi mimi na baba mkwe tukatengeneza utaratibu bila kupanga. Yeye akiwa anakuja kontroo alianza kuimba wimbo wa kanisani tangu mwanzo wa korido, kwa sauti ya besi, na akifika mlangoni anakohoa. Mimi nikisikia wimbo nakusanya koleo na bisibisi, natokea mlango wa nyuma, ule wa kuelekea stoo. Mimi nikitaka kuingia, niligonga bomba la korido kwa spana, na yeye ghafla anakumbuka kwamba lazima akakague boila. Wenzetu kiwandani walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu, ila kazi ilikwenda.

Asiyecheka alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba mkwe, ambaye ana shamba la chai karibu na kiwanda na maoni juu ya kila kitu. Yeye alisema mkamwana na baba mkwe chini ya bati moja ni aibu, ukoo utachekwa, na kwamba mimi nitafute kazi kwingine. Akaitisha kikao cha familia, Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa baba mkwe. Mume wangu aliniletea habari hiyo mwanzoni mwa wiki, huku anasahihisha madaftari ya wanafunzi.

"Na wewe ulimjibu nini?" nikamuuliza.

"Nilimwambia tutaona."

"Tutaona nini?"

"Mke wangu, tutaona tu."

Usiku huo nilimpa mgongo. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu, kwa sababu nilijua kwamba wazee wakiamua, mume wangu hatakuwa na ubavu wa kuwapinga, na mimi nitarudi kuzunguka na begi.

Hapa inabidi nieleze kidogo swichi inavyofanya kazi, vinginevyo ya Ijumaa ile hayataeleweka. Swichi ya kiwandani ni kisanduku cha chuma cha ukubwa wa mkate. Haina feni, na inavumilia joto, vumbi la chai na ule ukungu wetu unaoingia mpaka kwenye soksi. Usoni ina matundu ya kuchomekea nyaya, mafundi tunayaita poti, na kila poti ina taa yake ndogo. Taa ikiwa imezimika, upande wa pili hakuna kitu, au waya umekatika. Ikiwaka na kutulia, wameunganika lakini wamenyamaza. Ikipepesa, wanaongea. Nimewahi kukaa mbele ya kabati nikizitazama tu zinavyopepesa, mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Kinachoongelewa ni mambo ya kazi. Kipimajoto cha draya, yaani ule mtambo wa kukaushia chai, kinataka kuiambia kontroo joto limefika wapi. Swichi inaupokea ujumbe, inasoma unakwenda kwa nani, na kuutoa kwenye poti ya huyo peke yake, wengine wasisumbuliwe. Inajuaje nani yuko wapi? Kila anayeongea, swichi inaikumbuka anwani yake na poti aliyotokea. Ikipewa ujumbe wa mtu isiyemjua, inautoa kwa wote, mwenyewe anajibu, na tangu hapo anajulikana. Halafu yapo matangazo, ujumbe ambao mtumaji anataka umfikie kila mmoja. Hayo swichi inayatoa kwenye poti zote isipokuwa ile yalikotokea.

Na hapo ndipo penye hatari. Ukichukua waya mmoja ukachomeka ncha zake zote mbili kwenye swichi ileile, tangazo linatokea huku na kurudia kule. Swichi inadhani ni jipya, inalitoa tena kwa wote, linarudi tena, na mchezo huo hauna mwisho. Tunakiita kitanzi. Muda mfupi tu mtandao mzima unajaa matangazo yaleyale na ujumbe wa maana hauna pa kupita. Swichi zenye akili zaidi zinakigundua kitanzi na kuifunga poti moja zenyewe. Za kwetu za aina hiyo zilikuwa zimeagizwa na zilikuwa bado njiani. Ile iliyokuwa kontroo ilikuwa ya muda, haina ujanja wowote.

Ijumaa ile asubuhi nilikuwa kontroo nikivuta waya mpya wa bluu kwenda kwenye mashine ya kuchekecha chai. Nilishachomeka ncha moja kwenye swichi, na ile nyingine ilikuwa mkononi nikitafuta njia ya kuipitisha chini ya sakafu, nikasikia besi kwenye korido. Siku hiyo mzee alikuwa anatembea haraka. Wimbo haujafika hata kiitikio akawa ameshakohoa. Nikaachia waya ukaning'inia, nikatokea mlango wa nyuma, nikaamua kwenda draya kuangalia kabati la kule mpaka atoke tena.

Yaliyotokea humo ndani niliyajua baadaye. Aliingia, akaona kabati liko wazi na waya unaning'inia, akajua nimekimbia kwa ajili yake. Akanionea huruma. Kuniuliza hawezi, kuniita hawezi. Akaona tundu moja tupu, karibu kabisa, ncha ya waya inaingia bila shida. Akaichomeka taratibu mpaka ikalia tiki, akafunga mlango wa kabati, akaketi mbele ya skrini zake akiwa na furaha kwamba amenimalizia kazi.

Kule draya nilikuwa nimefungua kabati langu nikizitazama taa. Zilikuwa zinapepesa kama kawaida, kila moja na muda wake. Mara zote zikaanza kupepesa kwa pamoja, poti zote, mpigo mmoja, haraka mpaka karibu zinaonekana zimewaka moja kwa moja. Skrini ya draya ikaganda kwenye joto lilelile. Mtambo, kwa kuwa haupati tena neno kutoka kontroo, ukajilinda na kusimamisha mkanda unaoulisha chai.

"Fundi!" Dada mmoja Msafwa, ndiye msimamizi wa draya, sauti yake haihitaji kipaza sauti. "Fundi, mkanda umesimama! Chai yangu yote iko huku nyuma inachacha!"

Majani yaliyokwisha kusagwa hayana subira. Yanahitaji kuchachuka kiasi chake tu, kisha yaingie kwenye moto. Yakipitiliza yanageuka meusi, yanakuwa na harufu ya kitu kilichosahaulika kwenye sufuria, na hapo kinachobaki ni mbolea. Yalikuwa majani ya wakulima wa vilima vyote vile, watu waliochuma kwenye umande huku mikono inakufa ganzi.

Nikachomoa waya unaokwenda kontroo. Taa zote zikatulia papo hapo. Nikaurudisha, wazimu ukaanza upya. Basi ugonjwa ulikuwa kontroo, na nikaukumbuka waya wangu wa bluu. Bila kontroo draya haiendi, kwa hiyo kuuacha waya nje hakukuwa dawa. Fundi umeme wa zamu alikuwa boila, ng'ambo ya uwanja. Ndani ya kontroo alikuwemo mtu mmoja tu.

Nilipiga hatua kuelekea korido, nikasimama. Nilimwona akilini baba mdogo, Jumapili, amesimama katikati ya sebule akisema: ameingia, mbele ya watu, akamkuta mzee peke yake. Nikiingia, kikao kimeshaisha kabla hakijaanza. Nisipoingia, chai inaoza mikononi mwa fundi wa mtandao, na meneja hatahitaji kikao cha ukoo ili kuninyima ile nafasi. Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu, na sikujua nani.

"Unasimama nini?" Msafwa akaniuliza. Nikamwambia nani yuko kontroo. Anaijua hadithi yetu, nani asiyeijua. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa kujitakia.

"Una redio kiunoni," akasema. "Ita Kontroo. Nani kakwambia umwite mtu?"

Redio zile za mkononi hazina uhusiano na mtandao wangu, na chaneli ni moja kiwanda kizima. Nikabonyeza.

"Kontroo, Kontroo, hapa draya, ova."

Redioni ukaja mlio wa upepo tu. Nikafikiri ameizima. Kisha ikaja ile besi, ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia nje ya wimbo.

"Draya, hapa Kontroo. Sema."

"Kontroo, kwenye swichi ya kabatini kuna waya wa bluu. Ncha zake zote mbili ziko wapi, ova?"

Nikasikia kiti kinasogezwa, na bawaba za kabati.

"Draya, Kontroo inaona ncha zote mbili zimeingia kwenye kidude kimoja."

"Draya inaomba Kontroo ichomoe moja."

"Ipi?"

"Yoyote, Kontroo. Lakini haraka, chai inachacha."

Taa za kabati langu zikatulia. Kisha zikaanza kupepesa upya, hii sasa, ile baadaye, kama watu wazima wanaopokezana maneno. Skrini ikaamka, joto likasogea, mkanda ukashtuka na kuanza kutembea. Msafwa akapiga vigelegele vilivyozidi kelele za feni.

"Draya, hapa Kontroo," ikasema redio. "Skrini zote zimerudi." Ikakwaruza tena. "Ndaga."

Ndilo neno lao la asante. Nikajibu asante sana, kwa lafudhi yangu ya Ipogolo: "Ndaga fijo, Kontroo."

"Boila imesikia!" mtu akadakia kwenye chaneli, na kiwanda kizima kikaangua kicheko.

Meneja alipokuja kuuliza, nilimwambia kulikuwa na kitanzi kwenye swichi ya muda na kimeshaondolewa. Akauliza kama chai imepona, nikasema imepona, akaridhika. Mkono uliochomeka sikuutaja, na yeye hakuuliza. Sikuwa naficha kwa woga. Nilikuwa nimeshaelewa kilichotokea, na kilinigusa. Mzee yule alitaka kunisaidia, na njia pekee aliyokuwa nayo ya kunisaidia ilikuwa ile ya kutoniuliza.

Habari zilimfikia baba mdogo kabla mimi sijafika Soweto. Simu ya mume wangu iliita mpaka ikaisha chaji.

Jumapili nilikuwa jikoni na mama mkwe, tunamenya ndizi, na wanaume sebuleni. Ukuta ni mmoja na dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo hatukupitwa na neno. Baba mdogo alianza kwa sala, akaendelea kwa mahubiri.

"Kaka, nitasema wazi. Kwanza, huyu mkamwana ameongea na wewe. Pili, ameongea na wewe kwenye redio, wamesikia mpaka wabeba kuni. Tatu, ameongea na wewe bila hata kukuamkia!"

Mama mkwe akaacha kisu. "Majani yake mwenyewe yalikuwemo kwenye mkanda," akaninong'oneza. "Mbona hilo halisemi?"

Nilimsikia mume wangu anasafisha koo, nikajiandaa kwa lile neno lake la tutaona. "Baba mdogo," akasema, na sauti ilikuwa inamtetemeka, "mke wangu anaipenda ile kazi na anaiweza. Mimi sitamtoa." Nilimpenda pale kuliko siku ya harusi. Baba mdogo akaanza kufoka kuhusu vijana wa siku hizi.

Kisha baba mkwe akaongea.

"Ule waya niliuchomeka mimi."

Akaendelea kabla baba mdogo hajadakia.

"Niliukuta unaning'inia kwa sababu mtoto wa watu alikuwa ananikimbia. Nikadhani namsaidia, kumbe nasimamisha kiwanda. Nikakaa pale naangalia skrini zimeganda, sijui hili wala lile, na nyuma ya kuta mbili kuna mtu anayejua. Asingeita, mngekuwa mnamwaga majani yenu leo. Na meneja alipouliza, hakunitaja. Nimesubiri siku mbili nione kama atanitaja. Kazi ile ni yake. Atabaki. Ataingia kontroo kwa mlango wa mbele kama mafundi wengine, na kama kuna wa kupisha, nitapisha mimi."

"Kaka," baba mdogo akasema, safari hii taratibu. "Na mkikutana mlangoni?"

"Tutasalimiana."

Mama mkwe alinivutia kifuani kwake, mikono yote utomvu wa ndizi, akaniacha nilie mpaka nikatosheka.

Jumatatu nilipita korido bila kugonga chochote. Alikuwa anatoka. Ndipo nilipomwona uso kwa mara ya kwanza, na ulikuwa uso wa mume wangu, umezeeka. Nilipiga goti kidogo, kofia ikataka kuanguka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema. Alisimama pale mlangoni, hakuondoka mara moja. "Umeamkaje?"